Idara Nne, Swali Moja: Namna ya Kuendesha Utafiti wa Pamoja wa Tabia ya Kugawana

Waketishe meza moja mtu wa zuolojia, wa saikolojia, wa anthropolojia na wa isimu, kisha waulize kwa nini mtu aliyewekewa sh. 500 kati ya 5,000 huzikataa na kuondoka mikono mitupu. Utapata majibu manne, na kila mmoja ataondoka akidhani wenzake wamemuunga mkono. Tafiti nyingi za pamoja kati ya idara hufia kwenye kikao hicho cha kwanza, bila mtu yeyote kugombana na mwenzake. Wamekubaliana maneno tu, na kila neno lina maana nne.

Mwongozo huu unafuata utafiti mmoja mdogo wa mwaka wa masomo, tangu kikao hicho hadi siku ya kurudisha matokeo kijijini.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Mtu wa kwanza anakabidhiwa fedha na kuamua mtu wa pili, asiyemjua, apate kiasi gani. Wa pili akiridhia, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wawili wanakosa. Wachumi wa Ujerumani, Werner Güth na wenzake, walilichapisha mwaka 1982. Lilipata uzito mpya pale Joseph Henrich pamoja na wanaanthropolojia na wachumi wenzake walipolipeleka kwenye jamii 15 ndogo katika nchi 12, na kutoa matokeo ya kwanza mwaka 2001. Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26, wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, asilimia 58, na wanafunzi wa Los Angeles waliolinganishwa nao walikaribia nusu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wasangu wa Mbeya na Waorma wa Mto Tana walikuwamo pia. Jamii zinazotegemea soko na kazi ya pamoja katika riziki ya kila siku zilielekea kutoa zaidi.

Kazi ile isingewezekana na idara moja. Mchumi alileta jaribio, lakini ni mtu aliyeishi na Waau na Wagnau wa Papua New Guinea aliyeweza kueleza kwa nini baadhi yao walikataa hata mgao uliozidi nusu: kule zawadi kubwa ni deni, na deni humfunga mtu.

Chora visanduku vinne kabla ya kugawana kazi

Mwaka 1963 Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1973, aliandika kwamba tabia yoyote ya kiumbe huulizwa maswali manne. Kitu gani mwilini na akilini kinaisukuma sasa hivi? Ilikuaje tangu utotoni? Inamfaa nini kiumbe katika kuishi na kuzaa? Na ilianzia wapi katika nasaba ya viumbe?

Chora karatasi kubwa yenye visanduku hivyo vinne. Kila mwanatimu aandike dhana yake kwa sentensi moja na kuibandika anapoona inakaa. Mwanasaikolojia atabandika "anakataa kwa hasira" kwenye cha kwanza. Mtu wa zuolojia atabandika "anakataa ili asionekane mnyonge siku nyingine" kwenye cha tatu. Hawapingani: hasira inaweza kuwa ndicho chombo, na kulinda heshima ikawa ndiyo kazi ya chombo hicho. Saa moja ya zoezi hili huokoa miezi ya kubishana juu ya rasimu.

Kisha chagueni kisanduku kimoja, viwili kwa shida, ambacho data yenu itakijibu. Jaribio la fedha kijijini haliwezi kujibu la nasaba. Hilo lina data yake: mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig waliwapa sokwe jaribio la namna hii kwa zabibu kavu, na sokwe walipokea karibu kila kilichozidi sifuri. Liweke kwenye utangulizi wa ripoti na uliache hapo. Na tafadhali, msiandike "nyani" mnapomaanisha sokwe. Nyani ni mnyama mwingine kabisa, na sentensi "binadamu alitokana na nyani" imeharibu mihadhara mingi kuliko inavyostahili. Binadamu na sokwe wana wahenga wa pamoja, basi.

Timu iwe ya watu wanne hadi sita. Mratibu awe mtu anayepokea simu, hata kama si mwenye cheo kikubwa zaidi. Profesa mwenye safari tatu kila muhula ni mshauri mzuri na mratibu mbaya. Kabla ya data yoyote kukusanywa, andikeni ukurasa mmoja na wote mtie saini: swali, nani anamiliki chombo kipi, mpangilio wa majina kwenye chapisho, data itakaa wapi, na nani ataitumia kwa tasnifu yake. Hilo la mwisho ndilo huleta uchungu. Wanafunzi wawili wa idara tofauti hawawezi kuwasilisha tasnifu juu ya wastani uleule, kwa hiyo kila mmoja apewe swali lake dogo tangu mwanzo, kwa mfano mmoja achukue mgao wa watu wa kwanza na mwingine sababu zilizotolewa na wa pili.

Kamusi ya timu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na hapa mtu wa isimu anapata mshahara wake wote.

Chukua neno "tabia". Kwa mtafiti ni kitendo kinachoonekana na kuhesabika. Kwa mwanakijiji ni mwenendo: mtu "ana tabia" au "hana tabia". Uliza "tabia ya watu wa hapa ikoje katika kugawana?" na utapewa sifa njema za kijiji kizima. Uliza badala yake: "Mara ya mwisho ulipochinja, nani alipata nyama, na sehemu gani?"

"Akili" nayo inaegemea werevu. Mtu akieleza uamuzi wake kwa Kiswahili mara nyingi atasema moyo ulimwambia, roho ilimuuma au nafsi haikuridhika. Mwanasaikolojia anayesubiri kusikia "nilifikiri" ataandika kwamba mshiriki hakutoa sababu, ilhali ametoa tatu. "Haki" inabeba usawa, uadilifu na stahili kwa pamoja, hivyo swali "je, mgao huu ni haki?" linauliza mambo matatu na kupata jibu moja.

Sasa neno hatari kuliko yote: "mchezo". Wachumi huliita jaribio hili mchezo, na mtafsiri mvivu ataliacha hivyo. Kwa akina mama wengi wa Tanzania, kucheza mchezo ni upatu: unatoa leo, zamu yako inakuja. Ukimwambia mama "tunacheza mchezo wa fedha", umeshamwambia kwamba anachotoa kitarudi. Ongeza neno "dau" na kwa Mwislamu wa pwani umeingia kwenye kamari, ambayo ni haramu. Atakayebaki kushiriki si mfano wa kijiji. Jina la jaribio linaweza kubadilisha jaribio. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowapelekea Waorma jaribio jingine, la kuchangia mfuko wa pamoja, wao wenyewe waliliita harambee, na harambee wanaijua. Kwake hilo lilikuwa ugunduzi. Kwenu, kama hamkulipanga, litakuwa kasoro.

Vitenzi vina mitego yake. "Kugawana" kunadokeza tayari kwamba wote mna fungu. "Kumgawia" kunamfanya wa kwanza kuwa mfadhili. "Mwenzako" ni karibu rafiki. "Kukataa" kitu ulichopewa ni utovu wa adabu. Hii hapa rasimu ya maelekezo inayokwepa yote hayo. Ibadilisheni kulingana na mahali, lakini mjue kila neno limewekwa kwa nini:

"Nakuwekea mezani sarafu kumi za shilingi mia tano. Si zangu wala si za mwenyekiti, zimetoka chuoni. Katika chumba kingine yupo mtu mzima wa kijiji hiki. Hutajua ni nani, naye hatajua kuwa ni wewe, leo wala baadaye. Utaziweka sarafu kwenye vikombe viwili, kimoja chako na kimoja chake. Ziweke utakavyo. Tutampelekea kikombe chake aone. Akisema 'nachukua', kila mtu anaondoka na zilizo kwenye kikombe chake. Akisema 'sichukui', sarafu zote kumi zinarudi chuoni, wewe hupati na yeye hapati. Hakuna jibu la kufaulu wala kufeli."

"Kuweka" hakumsifu mtu wala kumlaumu. "Nachukua" na "sichukui" havimvunjii mtu heshima. "Zimetoka chuoni" ni muhimu, kwa sababu mtu akidhani ni fedha za mgeni aliye mbele yake, atazirudisha kwa ukarimu nanyi mtaandika kwamba amekataa.

Kama kijiji kinazungumza lugha nyingine nyumbani, mtu mmoja atafsiri maelekezo kwenda lugha hiyo, na mwingine ambaye hajaiona rasimu ya kwanza ayarudishe kwenye Kiswahili. Linganisheni mstari kwa mstari. Msihangaike na nomino za vitu. Tazameni vitenzi na namna watu walivyotajwa. Mkikuta "jirani yako" mahali palipokuwa na "mtu mzima wa kijiji hiki", rudini mwanzo.

Hesabu

Fedha zote za jaribio kwa jozi moja ziwe takriban kibarua cha siku moja cha hapo hapo, kama walivyofanya Henrich na wenzake kwenye duru yao ya pili, ambako pia walisawazisha maelekezo kati ya vituo baada ya kuona duru ya kwanza ilikuwa na tofauti nyingi. Uliza bei ya kulima au kubeba matofali, usikadirie ukiwa mjini. Fedha zigawike katika vipande kumi. Chini ya hapo utapata "nusu" nyingi za uongo, kwa sababu hakuna nafasi ya kuweka nne kwa sita.

Idadi ya jozi ndiyo huangusha miradi ya wanafunzi. Mkitaka kulinganisha vijiji viwili na mnatarajia tofauti ya pointi 10 za asilimia, huku mtawanyiko wa kawaida wa migao, yaani jinsi inavyotofautiana na wastani wake, ukiwa karibu pointi 20, kanuni ya haraka ni 16 mara mraba wa mtawanyiko uliogawanywa kwa tofauti: 16 × (20 ÷ 10)², yaani jozi 64 kwa kila kijiji. Hivyo vijiji viwili ni jozi 128, watu 256. Kwa sh. 5,000 kila jozi na sh. 2,000 kila mtu kwa kuhudhuria, ni 640,000 na 512,000, jumla sh. 1,152,000 kabla ya nauli, chai na kuchapa fomu. Kama fungu halitoshi, fanyeni kijiji kimoja vizuri na muache ulinganisho. Jozi 20 huku na 20 kule zitawaambia kwamba "hakuna tofauti", na hiyo itakuwa kauli juu ya bajeti yenu.

Mwanaanthropolojia anahitaji kipimo cha soko kwa kila kaya. Kilichotumika kwenye duru ya pili ni sehemu ya chakula, kwa kalori, inayonunuliwa badala ya kulimwa, kuwindwa au kufugwa. Orodhesha vilivyoliwa siku iliyopita, kiasi chake, na kila kimoja kilitoka wapi. Dakika ishirini kwa kaya. Usiulize kipato; utapewa namba ya kumridhisha muulizaji.

Vibali vianze mapema kuliko mnavyodhani. Kamati ya maadili huuliza zaidi juu ya mambo mawili: ridhaa, na fedha kama kishawishi. Kwa ridhaa, wekeni nafasi ya kukubali kwa mdomo mbele ya shahidi, kwani saini kwenye karatasi ya wageni huwakumbusha watu migogoro ya ardhi. Tanzania utafiti unasimamiwa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na Kenya leseni hutolewa na NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu). Anzeni na ofisi ya utafiti ya chuo chenu. Halafu barua zishuke ngazi kwa ngazi hadi kwa mtendaji wa kijiji. Ukiruka ngazi moja, asubuhi ya jaribio ndipo utakapoambiwa.

Siku yenyewe

Shule ya msingi siku ya Jumamosi inafaa: madarasa manne, miti ya kivuli, geti la mbele na njia ya nyuma. Madarasa mawili ni ya watu wa kwanza, mawili ya watu wa pili. Kila mtu huchukua dakika 12 hivi, kwa hiyo vyumba vinne hutoa jozi 10 kwa saa, na jozi 64 ni karibu saa sita na nusu. Mkianza saa mbili asubuhi na kupumzika nusu saa, mtamaliza saa tisa alasiri. Iteni makundi mawili. Waliomaliza kutoka kundi la kwanza wanywe chai na maandazi nyuma ya darasa hadi kundi la pili lote liwe limeingia, vinginevyo habari itawahi kufika. Habari ikifika, mtaiona kwenye data: kila fomu iwe na namba ya foleni na saa, na jioni chora migao kwa mpangilio wa foleni. Mstari ukipanda au kushuka ghafla baada ya mapumziko, kuna mtu amesimulia.

Maswali ya kupima uelewa ni matatu: ukiweka sarafu kadhaa kwenye kikombe chake naye akachukua, wewe unaondoka na ngapi? Asipochukua, unaondoka na ngapi? Na yeye? Mfano wa idadi ubadilishwe kwa zamu, mbili kwa huyu, nane kwa yule. Ukitumia tatu kwa watu wote, tatu itakuwa nyingi kwenye matokeo. Mfano wa tano kwa tano usiutumie kabisa. Anayekosea arudiwe mara moja. Akikosea tena, alipwe fedha ya kuhudhuria, ashukuriwe, na idadi yao iandikwe kwenye ripoti.

Kuna jambo dogo ambalo fomu za maadili huwa hazina kisanduku chake. Sarafu hulia. Mama akitoka na bahasha yenye sarafu moja, mume aliye getini atajua kabla haijafunguliwa, na siri mliyoahidi imekwisha. Fedha ya kuhudhuria iwe nayo ya sarafu nne, ziingie kwenye bahasha ileile, na bahasha iwe nene. Mlipaji akae chumba cha peke yake, asijue nani aliamua nini; anasoma namba tu.

Kuweka majibu kwenye mafungu

Baada ya uamuzi kila mtu huulizwa kwa nini, na jibu huandikwa kwa maneno yake. Watu wawili wa idara tofauti wayasome wakiwa mbalimbali na kuyapa alama: usawa, hofu ya kukosa, huruma, dini, sifa, mengineyo.

Msidanganyike na asilimia ya makubaliano. Tuseme mna majibu 100, kila msomaji amelipa fungu la "usawa" majibu 70, na kuhusu fungu hilo wamekubaliana kwenye 80. Inapendeza. Lakini kwa bahati tupu wangekubaliana kwa 0.7 × 0.7 + 0.3 × 0.3, yaani 0.58. Kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati, ni (0.80 − 0.58) ÷ (1 − 0.58), karibu 0.52. Hiyo haitoshi, lengeni 0.7 kwenda juu.

Kaeni na yale 20 mliyopishana. Mara nyingi yanatoka kwenye jibu la aina moja au mbili. "Niliona aibu kuweka mbili" ni mfano mzuri: mwanasaikolojia ameliweka kwenye usawa, mwanaanthropolojia kwenye sifa mbele za watu, na wote wana hoja, kwa sababu aibu ya Kiswahili inaishi pande zote mbili. Amueni kanuni, kwa mfano kwamba aibu huhesabiwa sifa pale tu mtu anapotaja kuonekana au kusemwa, iandikeni, kisha pimeni upya kwa majibu 50 ambayo hamjayagusa. Kupima upya kwa yaleyale mliyokwisha kuyajadili ni kujipa maksi.

Majina na namba zikae faili tofauti, zenye nywila tofauti, kwa watu tofauti. Mpango wa uchambuzi uwekwe kwenye hazina ya wazi ya mtandaoni kabla ya kwenda uwanjani, ukiwa na tarehe. Hapo hakuna idara itakayoweza kusema baadaye kwamba swali lake ndilo lilikuwa kuu.

Kurudisha matokeo kijijini kunahitaji nusu siku na kilo moja ya maharage. Chora vikombe kumi na kimoja ubaoni, kuanzia sarafu sifuri hadi kumi, na weka mezani bakuli kwa kila kimoja: harage moja kwa kila mtu aliyeweka kiasi hicho, bila jina. Wazee wataona umbo la kijiji chao haraka kuliko kwenye grafu, na watalieleza. Wekeni mtu wa kuandika, maana maelezo hayo ni data ya mwanaanthropolojia. Swali la kwanza kwa kawaida ni nani aliyebakiza zote. Jibu ni kwamba hata ninyi hamjui, na ikiwa faili zimetenganishwa kama ilivyoelezwa, mtakuwa mnasema kweli.